Kinachoota Kwenye Baridi

Fagernes, 15 Novemba 1987

Dada Gyda,

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mama alipoanguka jikoni Jumanne iliyopita, kabla sijaogopa, nilifurahi. Ilikuwa ni kitambo cha kuvuta pumzi tu, lakini nilifurahi, kwa sababu wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba sasa lazima uje nyumbani. Halafu nikayaona macho yake, na tangu hapo sijafurahi tena. Usimwambie mtu.

Najua Baba alikupigia simu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Alisema, "Mama yako yuko hospitali. Homa. Shingo imekakamaa. Ndiyo. Haya." Akakata. Nilitamani kumnyang'anya, lakini unanijua, kwenye simu sauti yangu hukauka, na simu yetu iko ukumbini ambako Baba anasikia hata nikimeza mate. Ndiyo maana naandika.

Walimtoa Mama maji ya uti wa mgongo, na maabara ya hospitali imeona bakteria ndani yake. Daktari alituandikia jina: Listeria. Akasema hukaa udongoni na kwenye chakula cha ng'ombe, na mara nyingine kwenye chakula cha watu, na kwamba vile vidonge vya maumivu ya viungo anavyomeza Mama vimempunguzia nguvu za kupigana nao. Aliposema "chakula cha watu" Baba alitazama viatu vyake.

Unajua alichokuwa anafikiria. Bonde zima linafikiria hicho hicho: rakfisk yetu, samaki wetu wa kuchachushwa. Tangu ile Krismasi ulipomwambia mbele ya wageni kwamba samaki wake wa pipani hawana chumvi ya kutosha, naye akasema, "Asiyetaka samaki wangu asikae mezani kwangu," hakuna mtu aliyewahi kutaja chumvi humu ndani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nakumbuka nilibaki nimeshika bakuli la viazi nikisubiri urudi ukae. Bado nasubiri, kwa namna fulani.

Mama alikuwa ameshaonja pipa la kwanza. Lakini alikula kidogo tu. Siku hizi alikuwa anakula jibini lako, lile laini lenye ngozi nyeupe ulilomtumia siku yake ya kuzaliwa. Hakumruhusu mtu aliguse. Limekaa kwenye friji tangu mwanzo wa Oktoba, na kila jioni alikuwa anakata kipande chembamba kama karatasi na kukila akiwa amesimama. Nilimwambia, "Mama, si ulimalize tu?" Akasema, "Nikilimaliza nitabaki na nini?"

Njoo, Dada. Hata kwa siku mbili.

Mdogo wako,
Torunn


Bergen, 21 Novemba 1987

Torunn mpenzi,

Furaha yako haijamdhuru mtu. Iweke chini, usiibebe.

Siwezi kuja sasa. Wenzangu wawili wanaumwa na zamu zimeniangukia mimi. Nimezungumza na daktari wa Mama, anasema dawa zinafanya kazi. Mshike mkono kwa niaba yangu.

Lakini kuna jambo tunaloweza kufanya, mimi na wewe. Bosi wangu, Bi Wiig, amenipa kona katika friji ya maabara. Nitumie samaki kutoka kila pipa, vipande vidogo, kila kimoja kwenye chupa yake iliyochemshwa. Usimwambie Baba bado.

Usitegemee jibu la haraka. Bakteria wengi ukiwaweka kwenye baridi hulala. Huyu hapana. Huyu kwenye friji anaendelea kuota na kuongezeka, polepole, wakati wengine wote wamezimia. Kwa hiyo tunamtega kwa tabia yake: tunaweka chakula kwenye mchuzi wa nyama, tunafunga chupa, tunaiacha kwenye baridi kwa wiki kadhaa, na kila baada ya siku chache tunachukua tone na kulipaka kwenye sahani yenye damu ya kondoo. Wale wenye haraka hufa au huchoka. Yeye hubaki. Bi Wiig anasema ni kazi ya watu wasio na mahali pa kwenda jioni, ndiyo maana kanipa mimi.

Na lile jibini, limebaki hata kidogo? Kama limebaki, lete pia. Tunachukua kila kitu.

Dada yako,
Gyda


Fagernes, 29 Novemba 1987

Dada Gyda,

Umepata? Nilifunga chupa kwa magazeti na matambara, juu nikaandika VITABU. Olaug wa posta aliinua kisanduku, akakinusa, akakirudisha kwenye meza.

"Torunn binti Halvard. Vitabu gani hivi?"

"Vya biolojia," nikasema.

"Vimekufa lini?"

Watu watatu nyuma yangu wakacheka, na mimi nikawa mwekundu mpaka masikioni. Olaug akabandika stempu, akaninong'oneza, "Nakitoa nje kwenye baridi mpaka treni ije. La sivyo barua zote za mapenzi za bonde hili zitanuka samaki trauti wa baba yako." Hakuuliza zaidi. Nadhani anajua. Nadhani wote wanajua.

Nilifurahi ulivyouliza habari za jibini. Najua ulitaka kusikia kama Mama alilipenda. Lilibaki ganda na kipande cha upana wa kidole, nacho nimekituma chote. Moyo uliniuma kidogo, kwa sababu akirudi atalitafuta. Ukimaliza kazi nalo utamtumia jingine?

Mama alifungua macho jana. Aliniuliza kama theluji imeanguka. Sikio la kushoto halisikii tena, daktari anasema huenda lisirudi, kwa hiyo sasa tunakaa upande wa kulia wote, tumebanana kama kuku.

Mwalimu wetu ameniruhusu kutumia hadubini ya shule mchana baada ya masomo. Nimetazama tone la maji ya bwawa. Kila kitu kilikuwa kinakimbia. Natamani ungekuwepo uniambie ni nini.

Torunn


Bergen, 5 Desemba 1987

Torunn,

Kisanduku kimefika. Bi Wiig amefungua madirisha yote, na Bergen nzima sasa inajua mimi ni mtu wa bonde la Valdres.

Nijibu hili kwanza, hata kabla hujavua koti: wewe au Baba mlikula lile jibini? Hata kuonja?

Usiguse kitu chochote kilichokaa karibu nalo. Futa friji yote kwa maji ya moto na klorini.

Gyda


Fagernes, 20 Desemba 1987

Dada Gyda,

Nilikujibu kwa kadi siku ile ile niliyopata barua yako, lakini narudia: hapana. Mama hakumpa mtu. Baba aliwahi kusema hataki kitu cha kutoka Bergen, mvua tu ndiyo inatoka huko, ingawa nilimwona mara nyingi akifungua friji na kulitazama tu, halafu akifunga. Friji nimeifuta mara mbili. Sikuelewa kwa nini ulikuwa na haraka hivyo, ila nimefurahi kwamba unaniwaza.

Sasa nakuambia la Baba, na nakuomba ukae kwanza.

Jumatano nilirudi shule nikamkuta nyuma ya zizi anachimba. Ardhi imeganda, alikuwa anaipiga kwa mtaimbo, jasho linamtoka na nje ni nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Mapipa yote manne yalikuwa yamesimama kando yake. Syvert wa jirani alikuwa ameegemea ua.

"Halvard! Unamzika nani?"

"Wewe, ukikaribia."

"Hao ni samaki wa Krismasi, bwana! Ng'ombe wangu anakula vibaya kuliko hivyo!"

Baba aliinua pipa la kwanza. Aliyamimina yote, pipa moja baada ya jingine, akafukia, akakanyaga udongo. Syvert akavua kofia. Nadhani alianza kwa mzaha, halafu akaona uso wa Baba na mkono ukabaki juu.

Tangu siku hiyo Baba anakula uji tu. Hajasema kwa nini. Jana hospitalini nilitoka kuchukua kahawa, niliporudi nikasimama mlangoni. Alikuwa amekaa upande wa kushoto wa Mama, upande usiosikia. Alikuwa ameinama anazungumza, muda mrefu, Gyda, maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwaka mzima. Nilisoma midomo yake mara moja tu. Alisema, "Ni mimi." Mama alikuwa anatazama dirishani.

Tafadhali harakisha hizo sahani. Najua haziharakishwi.

Krismasi njema. Nitaweka sahani yako mezani kama kawaida. Baba haiondoi, ujue hilo. Huwa anaizunguka tu.

Torunn


Bergen, 18 Januari 1988

Torunn,

Samaki ni safi.

Nimewapima wote, mapipa yote manne, kwa zaidi ya wiki sita. Nimepaka sahani mpaka Bi Wiig akasema nitamaliza kondoo wa Norway. Wapo bakteria ndani ya samaki wa Baba, lakini ni wale wa uchachu, wanaofanya kazi yao na kukaa kimya. Yule wa Mama hayumo. Alitia chumvi ya kutosha. Mimi ndiye niliyekosea ile Krismasi, na nilikosea mbele za watu.

Mwambie leo. Usisubiri hata chakula. Mwambie kwamba ni mimi nimesema.

Kuhusu chanzo, kuna mengine bado tunayatazama.

Gyda


Fagernes, 24 Januari 1988

Dada Gyda,

Nilimwambia. Alikuwa anatengeneza mnyororo wa msumeno. Nilisimama mbele yake na sauti ikaanza kukauka, kwa hiyo nikasema haraka, "Samaki ni safi."

"Samaki gani?"

"Wetu. Nilimtumia Gyda. Amewapima."

Nilidhani atanigombeza. Akaweka mnyororo chini. "Amesema yeye?"

"Yeye mwenyewe. Amesema chumvi ilitosha."

"Gyda amesema chumvi ilitosha."

"Ndiyo, Baba."

Akatoka nje bila koti. Nilimfuata. Alisimama pale nyuma ya zizi, akasema, "Mapipa manne. Trauti wa ziwa letu wenyewe. Nimewazika kama mbwa." Akacheka. Halafu haikuwa kicheko tena, nikageuka kutazama mlima kwa sababu sikujua niweke macho wapi. Jioni alikula nyama na viazi.

Lakini akiwa bado na uma mkononi aliuliza, "Basi ni nini?"

Dada, mimi si mwepesi wa kusema lakini nasoma. Nimezirudia barua zako zote. Uliomba vitu viwili, samaki na jibini, na umenijibu kimoja. Maktabani kuna gazeti lililoandika kuhusu watu wa nchi nyingine za Ulaya waliougua kwa jibini laini, na bakteria walitajwa kwa jina. Ulinihimiza nifute friji. Nilidhani unaniwaza mimi. Labda uliniwaza kweli. Lakini ulikuwa unajua.

Niambie. Nina miaka kumi na sita, si kumi na tatu.

Torunn


Bergen, 2 Februari 1988

Torunn,

Ndiyo. Ni jibini.

Sahani ya kwanza ilionyesha kabla ya Krismasi. Vidoa vidogo kama umande, na kuzunguka kila kimoja damu imekuwa angavu kidogo, kidogo sana. Ukiimulika taa kutoka chini kwa upande vinageuka rangi ya buluu, kama theluji yetu jioni. Niliweka tone chini ya hadubini, wakawa wanabiringika, hivyo ndivyo wanavyotembea, wanapinduka kama watoto wanaoteremka mlima. Nikachoma sindano yenye bakteria hao kwenye chupa ya chakula chao kilichoganda kama jeli laini, nikaiacha mezani, na baada ya siku mbili chini kidogo ya uso wakaota kwa umbo la mwavuli. Hakuna mwingine anayeota hivyo. Katika mji huu wa miavuli nilikaa nikautazama ule mmoja mpaka Bi Wiig akanivua glavu.

Nilitaka isiwe kweli, kwa hiyo nikaomba bakteria wa Mama kutoka hospitali yenu. Tukawalinganisha. Ni aina ile ile.

Nilishajua Baba amezika samaki wake, nikanyamaza. Nilijiambia nasubiri uhakika. Uhakika nilikuwa nao.

Na kuna hili. Lilipotoka dukani huenda bakteria walikuwa wachache. Kama angelikula lote wiki ile, angemeza wachache, labda asingeugua. Lakini alilitunza. Wiki baada ya wiki kwenye baridi, akikata karatasi moja kila jioni, nao wakaongezeka kila jioni. Nililituma kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuja mwenyewe. Nilisimama dukani nikafikiri, hili litakaa mahali pangu. Na likakaa.

Usiniombe kuja tena. Nimlishe Mama kitu hicho, nimwache Baba abebe lawama majira yote ya baridi, halafu niingie mlangoni na kuvua viatu? Siwezi. Mwambie Baba au usimwambie, nakuachia wewe, ambayo nayo ni aibu nyingine. Mama usimwambie. Hilo ni langu, nikiweza siku moja.

Soma sana. Wewe utakuwa bora kuliko mimi.

Gyda


Bergen, 16 Februari 1988

Mama mpenzi,

Utashangaa kuona stempu ya Bergen. Usiogope, sote ni wazima. Shangazi, anayekuja kukuona hapo hospitalini, atakuwa amekuambia kwamba Baba na mimi tuna safari, na wewe utakuwa umesema, "Halvard? Safari?" Nakuandikia jinsi ilivyokuwa.

Ijumaa ya tarehe tano nilipata barua kutoka kwa Gyda. Nilikaa nayo usiku mmoja tu. Asubuhi nilimsomea Baba yote, neno kwa neno, na sauti haikukauka, sijui kwa nini. Sikuambii ilichosema kwa sababu ni ya Gyda kukuambia. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika au ataondoka mezani. Akauliza, "Yuko peke yake na hilo?"

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

Halafu akasema, "Mimi nilikuwa na wewe hapa. Na Syvert, hata kama ni mpumbavu. Yeye alikuwa na nani?" Nikasema alikuwa na Bi Wiig. Akasema, "Bi Wiig," kama mtu anayetema mbegu, akaenda kuangalia mafuta ya gari.

Ilibidi tusubiri likizo yangu ya shule na hali ya hewa. Njia ya mlima wa Filefjell ilikuwa imefungwa kwa dhoruba, kwa hiyo Jumapili tulikaa kwenye mkahawa wa njiani na watu wengine, tukisubiri gari la kusukuma theluji lituongoze tupite kwa msafara. Dereva mmoja wa lori alimwuliza Baba anakwenda Bergen kufanya nini.

"Kumwona binti yangu."

"Anaumwa?"

"Hapana," Baba akasema. "Ana akili nyingi. Ni kitu kinachofanana."

Tulifika jana mchana. Mvua, bila shaka. Nyumba ya Gyda iko juu ya ngazi ndefu za mawe, na Baba alisimama chini yake akisema tukanywe kahawa kwanza. Kisha akasema labda yuko kazini. Kisha akasema viatu vyake ni vichafu. Nilimwacha akivifuta, nikapanda nikabonyeza kengele.

Gyda alifungua akiwa na taulo kichwani. Amekonda, Mama, na sasa anavaa miwani. Aliniona mimi, akaanza kutabasamu, halafu akamwona Baba kwenye ngazi na uso wake ukaanguka wote. Akasema, "Baba, mimi ndiye niliye—"

"Najua. Kasoma mdogo wako." Baba alikuwa anahema kwa sababu ya zile ngazi. "Na mimi nilikufukuza mezani. Sasa tusimame hapa kwenye mvua tuhesabu nani kafanya nini?"

"Mama anajua?"

"Mama yako kila siku anauliza jambo moja tu, na si hilo: utakuja lini."

Hapo Gyda alikaa chini, pale pale kizingitini. Baba hakujua la kufanya, akakaa naye, na mimi nikabaki nimesimama na mabegi, kwa hiyo jirani wa juu aliposhuka ilimbidi aturuke sote watatu. Alisema, "Siku njema." Baba akasema, "Na kwako."

Leo asubuhi Gyda amekwenda kazini kwa sababu kuna sahani zinazomsubiri, watu wengine wanaumwa. Ataomba ruhusa kwa Bi Wiig. Amesema atakuja nasi Ijumaa, moja kwa moja kwako kabla hatujafika nyumbani, na ana jambo la kukuambia. Ni gumu kwake. Nakuomba umkalishe upande wa kulia, usimkatize mpaka amalize. Baada ya hapo sema chochote unachotaka.

Nilitaka kumwona anavyofanya kazi. Hairuhusiwi kuingia, lakini nilimsindikiza mpaka mlangoni, naye akasema keshokutwa Bi Wiig atanionyesha sahani moja kupitia kioo. Kisha nilirudi. Baba alikuwa amelala kwenye kochi na soksi zake zinakauka juu ya hita. Niliosha vikombe vitatu, nikavikausha, nikakaa dirishani kukuandikia barua hii. Naifunga sasa kabla Baba hajaamka akaniambia niondoe mambo ya ngazi, kisha nivae koti nishuke kwenda posta.

Torunn wako